Macho ya Watoto Wetu (Sehemu ya Pili): Kipimo na Miwani Vianzie Chekechea

Juma lililopita tuliona jinsi nuru inavyopenya mboni na lenzi hadi ikatua kwenye retina, na jinsi picha inavyofifia pale jicho linapokuwa refu au fupi kuliko inavyotakiwa. Leo tuvuke jicho tuingie kwenye ubongo. Huko ndiko iliko sababu ya kumpima mtoto macho akiwa bado chekechea, katika PP1 au PP2, badala ya kungoja afike darasa la nne ndipo tushangae kwa nini ananakili vibaya yaliyoandikwa ubaoni.

Mtoto hazaliwi akijua kuona. Ubongo wake hujifunza kazi hiyo kwa kupokea picha safi kutoka kila jicho, siku baada ya siku, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo hukamilika afikapo miaka saba au minane. Jicho moja likiwa na hitilafu kubwa kuliko mwenzake, au likiwa na kengeza, picha zake huja na ukungu au haziafikiani na za jicho la pili. Basi ubongo hulipuuza na kulitegemea lile zuri. Hali hiyo huitwa ambliopia. Mara nyingi ukilitazama jicho lenyewe hutaona kasoro yoyote, lakini uwezo wake unazidi kudidimia.

Ikigunduliwa mapema, tiba yake haina makuu. Mtoto huvalishwa miwani kwanza. Miwani isipotosha, jicho zuri hufunikwa kwa plasta saa mbili hadi sita kwa siku, ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Baada ya miaka saba bado inafaa kujaribu, ila mafanikio hupungua. Samaki mkunje angali mbichi.

Tatizo ni kwamba mtoto mwenye shida hii halalamiki. Hajawahi kuona vinginevyo, kwa hiyo anadhani dunia ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Mwenye jicho moja zuri hukimbia, hucheza mpira na kuokota kokoto kama wenzake. Mwenye macho mawili dhaifu huambiwa ni mzito wa kuelewa, au mtundu asiyetulia kwenye mkeka. Mzazi hawezi kulaumiwa kwa kutoona kisichoonekana, na ndiyo maana kupima watoto wote, hata wasio na dalili, ni jambo la lazima.

Je, mtoto wa miaka minne asiyejua herufi hupimwaje? Ubao wa herufi alioubuni daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862 haumfai. Mwaka 1976, Lea Hyvärinen, daktari wa macho wa Finland, alitengeneza alama nne: tufaha, nyumba, duara na mraba. Mtoto hupewa kadi yenye alama hizo. Mpimaji husimama umbali wa mita tatu akimwonyesha alama moja moja, kubwa kisha ndogo, naye mtoto hugusa inayofanana nayo. Si lazima ajue jina lake. Akiliita duara mpira au chapati, jibu ni sahihi. Kila jicho hupimwa peke yake, na lile lingine hufunikwa kwa plasta, maana akijifunika kwa mkono atachungulia kati ya vidole. Mwalimu wa chekechea akifundishwa vizuri anaiweza kazi hii, na watoto huiona kuwa mchezo.

Anayeshindwa katika hatua hiyo hukabidhiwa mtaalamu. Jicho la mtoto lina nguvu nyingi za kujikaza, na mkazo huo huweza kuficha hitilafu. Kwa hiyo hutiwa matone ya siklopentoleti, yanayolegeza misuli ya ndani ya jicho na kupanua mboni. Baada ya nusu saa hivi, mtaalamu humulika jicho kwa retinoskopu na kusoma jinsi nuru inavyorudi. Nambari ya miwani hupatikana bila mtoto kuulizwa swali hata moja.

Hapo ndipo mipango mingi hukwama, kati ya kipimo na miwani. Ushahidi tunao hapa hapa kwetu. Katika kaunti ya Trans Nzoia, Dkt. Hillary Rono na wenzake walishirikisha shule 50 na wanafunzi zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule hizo walimu walipima kwa programu ya simu iitwayo Peek, na wazazi wakatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha kumpeleka mtoto hospitalini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: miongoni mwa waliogunduliwa na shida, asilimia 54 walifika hospitalini, ilhali katika shule zilizotumia njia ya kawaida ni asilimia 22 tu. Ni ushindi mkubwa, nao unathibitisha kwamba mwalimu anaweza kupima. Hata hivyo, pamoja na kukumbushwa kote huko, karibu nusu ya watoto hawakufika.

Jijini Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwagawa wanafunzi wa sekondari mafungu mawili. Fungu moja lilipewa miwani bure, jingine likapewa karatasi ya nambari tu wakanunue wenyewe. Baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ya waliopewa bure walikuwa wakitumia miwani au walikuwa nayo shuleni, dhidi ya asilimia 26 ya wale wa karatasi. Tunajifunza mambo mawili: miwani itolewe bure, na ikishatolewa mtoto afuatiliwe, kwa sababu wengi huacha kuivaa.

Sasa tazama ufuo wetu wa ziwa. Mama anayeuza omena Dunga, au mzazi wa Nyakach anayeishi mbali na barabara ya lami, akiambiwa ampeleke mtoto Jaramogi, hospitali ambayo wengi bado tunaiita Russia, au Sabatia kule Vihiga, atapoteza nauli na pato la siku nzima. Akifika atatajiwa bei ya miwani. Kumwita mzazi huyo mzembe ni kumwonea. Kinachotakiwa ni mtaalamu kumfuata mtoto shuleni na miwani kuletwa hapo hapo.

Jambo hili linawezekana, na lina mwenyewe. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na huduma za afya za kaunti. Walimu wa PP1 na PP2 katika shule za umma na wahudumu wa zahanati zetu wako chini ya serikali moja, kuanzia Seme hadi Muhoroni. Wataalamu wa kupima macho wanafunzwa jirani, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Na shule za kanda ya ziwa zimekwisha kuonyesha kwamba zinaweza kubeba jukumu la afya: dawa za minyoo zilizotolewa katika shule 75 za Budalangi na Funyula, kaunti ya Busia, kuanzia mwaka 1998, zilipunguza utoro na kufungua njia kwa mpango wa taifa zima.

Serikali za kaunti zitenge fedha za vitu vitatu: mafunzo na kadi za kupimia kwa walimu, timu ya macho inayozunguka shuleni kila mwaka, na miwani ya bure yenye lenzi za plastiki ngumu, pamoja na ya kubadilisha ikivunjika au mtoto akikua. Mwananchi naye ahudhurie vikao vya maoni kuhusu bajeti na amuulize mwakilishi wadi wake fungu hilo liko wapi.

Mzazi, usingoje bajeti ukiona haya: kengeza, kuinamisha kichwa upande mmoja anapotazama, au kusogelea mno kitabu na runinga. Ukiona weupe ndani ya mboni, hata kama ni kwenye picha ya simu tu, nenda hospitalini wiki hiyo hiyo, kwa maana yaweza kuwa saratani ya jicho au mtoto wa jicho. Na usiamini kwamba miwani hudhoofisha macho. Kwa mtoto wa miaka mitano anayeihitaji, miwani ndiyo inayoufundisha ubongo wake kuona, na nafasi hiyo haimngoji.

Sehemu ya tatu, juma lijalo: macho yanayowasha, na hatari ya matone yanayonunuliwa bila ushauri wa daktari.