Askari wa Kuigiza, Machungu ya Kweli

Jioni moja ya mwezi Agosti mwaka 1971, msomi kijana aitwaye Christina Maslach aliwasili katika jengo la idara ya saikolojia la Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California nchini Marekani. Ndiyo kwanza alikuwa amehitimu shahada ya udaktari wa falsafa, naye alikuja kutazama kazi ya Profesa Philip Zimbardo, ambaye mwaka uliofuata walifunga ndoa. Alipokuwa akingoja alikutana na kijana mmoja aliyekuwa akisubiri kuingia zamu ya usiku. Wakazungumza kidogo. Kijana alikuwa mchangamfu, mwenye adabu na maneno laini, mtu ambaye mzazi yeyote angemkaribisha sebuleni pasipo wasiwasi.

Baadaye wenyeji walimwita bibi huyo achungulie katika tundu la kutazamia, ili amwone askari jela aliyevuma kuliko wenzake wote, yule ambaye wafungwa walimpachika jina la John Wayne, mcheza filamu mashuhuri wa siku zile. Akachungulia. Alimwona mtu wa magwanda ya kaki, miwani ya jua machoni na rungu mkononi, akiwafokea watu waliopangwa mstari ukutani. Alikawia kutambua kwamba huyo ndiye kijana yule yule wa maneno laini. Lafudhi ilikuwa nyingine, na mwendo ulikuwa mwingine.

Ukweli ni kwamba gereza lile halikuwa gereza. Lilikuwa ushoroba wa chini ya jengo la chuo, usio na dirisha, ambao vyumba vyake vilibadilishwa milango vikatiwa ya nondo, na kabati moja jembamba likageuzwa kuwa chumba cha giza cha kuadhibia. Walioishi humo walikuwa vijana waliojitolea baada ya kusoma tangazo la gazetini, kwa malipo ya dola 15 kwa siku. Waliojitokeza walizidi 70. Wakapimwa afya ya mwili na ya akili, wakachaguliwa 24, kisha sarafu ikarushwa juu kuamua nani awe askari jela na nani awe mfungwa. Fedha za uchunguzi huo zilitoka katika ofisi ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, lililotaka kujua chanzo cha mivutano baina ya askari na wafungwa. Mchezo ulipangwa kuchukua majuma mawili.

Askari walipewa sare, rungu, filimbi na miwani yenye vioo ving'aavyo, ili mtu akiwatazama machoni asione ila sura yake mwenyewe. Wafungwa walivishwa kanzu fupi zenye namba kifuani, mnyororo kifundoni mwa mguu, na soksi ya kike kichwani badala ya kunyolewa. Kupiga kulikatazwa. Katazo hilo ndilo linalofanya kisa hiki kistahili kutazamwa kwa makini na kila aliyekabidhiwa rungu, kwa maana halikuzuia mambo mengi.

Usiku wa kwanza filimbi zilipulizwa saa nane na nusu, wafungwa wakatolewa vitandani na kuamriwa wataje namba zao mmoja baada ya mmoja. Siku ya pili wakaasi, wakaziba milango kwa vitanda. Askari wakawarudisha nyuma kwa kuwapulizia vizima-moto, wakawavua nguo na kuwanyang'anya vitanda. Tangu hapo adhabu zikawa za kila namna: kupiga pushapu, kusimama mpaka miguu iishe nguvu, kujisaidia katika ndoo ndani ya chumba na kunyimwa ruhusa ya kuimwaga. Hakuna aliyevunjwa mfupa.

Sasa turudi kwa kijana wa zamu ya usiku, kwa sababu maelezo aliyoyatoa miaka mingi baadaye yana uzito wake. Alikuwa amewahi kushiriki michezo ya kuigiza shuleni. Kabla hajavaa magwanda alikwisha kata shauri kwamba wataalamu wale hawakutumia fedha zao bure, wanataka kuona jambo likitokea, naye atawapatia jambo. Akamchukua mkuu wa gereza katika filamu iitwayo Cool Hand Luke, iliyotolewa mwaka 1967, akaazima lafudhi yake ya watu wa Kusini mwa Marekani na ukali wake. Katika fikra zake, aliyetukana usiku ule hakuwa yeye. Alikuwa mhusika.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mwigizaji anayemchoma kisu mwenzake jukwaani haendi kortini, wala mtoto anayechukua zamu ya mwizi katika mchezo wa polisi na mwizi haiti kwao wezi. Lakini jukwaani wote wawili wanajua kwamba kisu ni cha bati, na wote wawili wamekubaliana ni lini pazia litashuka. Katika ushoroba ule aliyejua kwamba ukali ni wa kuazima alikuwa mwenye miwani peke yake. Aliyesimama ukutani saa nane za usiku, mwenye usingizi na njaa, hakutukanwa kwa lafudhi ya kuazima, alitukanwa. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huo hutoka kwenye mwili wa mwingine.

Tena yako mambo ambayo mhusika hakuyaazima katika filamu. Filamu ilimpa sauti na ukali. Adhabu za usiku baada ya usiku alizitunga mwenyewe, kwa akili yake na kwa hiari yake. Hata mke anayemwona mumewe akirudi kutoka kazini, akavua kofia lakini akaendelea kutoa amri mezani, anajua kwamba sare haina mdomo.

Kwa miaka mingi Profesa Zimbardo, aliyefariki dunia mwaka 2024, alifundisha kwamba hali ndiyo iliyowageuza vijana wale: mtu mwema ukimvika sare na kumpa mamlaka, ukatili utachipuka wenyewe. Mafundisho hayo yalienea katika vitabu vya shule duniani kote. Lakini mwaka 2018 mtafiti Mfaransa, Thibault Le Texier, alichapisha kitabu baada ya kupekua kumbukumbu na kanda za sauti za siku zile, na picha ikabadilika. Askari hawakuachwa wajichagulie njia. Kabla ya kuanza walielezwa aina ya maisha ambayo wafungwa walitakiwa wayaonje, ya woga na ya kutokuwa na amri juu ya lolote. Katika kanda mojawapo, mwanafunzi aliyeigiza cheo cha bwana jela anasikika akimsihi askari mmoja aliyekuwa akijitenga kando aache upole, kwa kuwa kila askari anatakiwa awe mkali. Kijana yule hakuwa mwepesi wa kukubali.

Huyo aliyejitenga hakuvuma, wala hakupachikwa jina la mcheza filamu. Alivaa kaki ile ile na kulipwa dola zile zile 15. Walikuwapo na wengine waliowatendea wafungwa fadhila ndogo ndogo kwa siri. Ila na hawa, kwa wema wao wote, hawakuwaambia wenzao basi. Labda waliona haya, labda walidhani si kazi yao. Ushoroba ule ulikuwa na zamu tatu, na mwema aliposhika zamu yake alijua nani angefuata.

Mfungwa mmoja, aliyejulikana kwa namba 416, aliingizwa baadaye kuchukua nafasi ya aliyeachiliwa. Alipoiona hali ile alikataa kula soseji alizopewa. Akafungiwa katika kabati la giza. Ndipo askari wakawapa wenzake hiari mbili: watoe mablanketi yao walale kwenye magodoro matupu, naye 416 atatolewa, au wabaki na mablanketi, naye alale humo humo. Wengi wakachagua mablanketi. Kati ya adhabu zote za gereza lile hapana iliyobuniwa kwa werevu kuliko hii, kwa sababu iliwafanya wafungwa wenyewe washike ufunguo.

Usiku ule wa Alhamisi, Bibi Maslach aliona wafungwa wakipelekwa msalani, wamefungwa pamoja kwa minyororo, mifuko vichwani. Akageuza uso. Walipotoka nje alimwambia profesa kwa hasira kwamba hayo anayowatendea vijana hao ni mabaya. Wakagombana kwa muda mrefu. Wageni kadhaa walikuwa wamepita mahali pale kabla yake, miongoni mwao padri na hata wazazi wa vijana, na mchezo uliendelea. Kesho yake, siku ya sita, ulivunjwa.

Mwaka 2004, picha za mateso katika gereza la Abu Ghraib nchini Iraki zilipoenea duniani, Profesa Zimbardo alikwenda kutoa ushahidi upande wa utetezi wa sajini mmoja wa jeshi la Marekani, akieleza nguvu ya mazingira juu ya mtu. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu sajini huyo kifungo cha miaka 8. Aliyezitoa picha hizo kwa wachunguzi alikuwa askari wa cheo cha chini aliyetumika katika kituo kile kile.

Miezi miwili hivi baada ya gereza la Stanford kuvunjwa, kijana wa miwani na mfungwa 416 walikutanishwa wazungumze. Mfungwa alisema kwamba jambo lile bado linamdhuru, kwa kuwa sasa anajua mtu mpole anaweza kugeuka nini akijiambia kwamba hamuumizi mtu na kwamba majuma mawili yatakwisha. Askari akamwuliza, je, wewe ungekuwa mahali pangu ungefanya nini? Mfungwa alikiri kwamba hajui. Lakini aliongeza kwamba hadhani angetumia ubunifu mwingi kama ule. Kijana akaeleza kwamba alikuwa akifanya majaribio yake mwenyewe madogo madogo, kuona watu watavumilia matusi mpaka wapi kabla ya kukataa, na kwamba kilichomshangaza ni kuwa hakuna mtu aliyemwambia aache.