Usiikimbilie Krimu ya Siku Mbili

Kwenye maduka ya vipodozi mjini Garissa hakukosekani krimu inayosifiwa hivi: paka leo, kesho kutwa chunusi imenywea. Sifa hiyo mara nyingi ni ya kweli, na ukweli wake ndio unaonitia hofu. Krimu inayonyausha chunusi upesi kiasi hicho kwa kawaida imetiwa steroidi kali. Dawa hizo zilitengenezwa kwa ajili ya ukurutu na maradhi mengine ya ngozi, zitumiwe kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya daktari. Steroidi huzima uvimbe, lakini haizibui kinyweleo kilichoziba. Mwenye uso hufurahi, akarudi dukani kuchukua tyubu ya pili. Wiki zikipita, ngozi huwa nyembamba, vimishipa vya damu hujitokeza, malaika huota mashavuni, na vipele vidogo vya ukubwa mmoja hutapakaa mpaka kidevuni. Akiacha kupaka, uso unawaka moto. Akirudia, unatulia. Basi hapo keshafungwa kamba.

Kuitambua si vigumu kama una macho ya kusoma maandishi madogo. Tafuta kwenye tyubu majina ya Kizungu yanayomalizikia na -sone au -sol, kama betamethasone na clobetasol. Yanayomalizikia na -zole ni dawa za fangasi, hizo ni jambo jingine. Tatizo ni kwamba tyubu nyingi zinazouzwa kama dawa ya kila kipele zina vyote kwa pamoja: steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki. Muuzaji akikuambia ni ya fangasi hajadanganya; amesema theluthi moja tu ya habari. Kikopo kisicho na lebo, ule mkorogo unaochanganywa nyuma ya duka, sina la kusema juu yake ila ukiache hapo hapo kilipo.

Kuna na zebaki, kwenye krimu za kumfanya mtu mweupe. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa 2013 zilikubaliana mwaka 2023 kwamba kipodozi chochote kilichotiwa zebaki, hata kidogo, kiondolewe sokoni ifikapo 2025. Lakini kaunti zetu zina mpaka mrefu, na bidhaa nyingi za kaskazini mashariki hazikuanzia safari yake Nairobi. Krimu ya chunusi inayoahidi pia kukufanya mweupe ina maswali mawili ya kujibu, siyo moja.

Sasa tuone kwa nini dawa ya kweli huenda polepole. Chunusi unayoiona Ijumaa asubuhi haikuanza Alhamisi. Chini ya ngozi, pembeni mwa kila kinyweleo, kuna tezi ndogo ya mafuta. Homoni za balehe, za hedhi au za ujauzito huichochea tezi hiyo itoe mafuta mengi. Wakati huohuo seli zilizokufa kwenye mdomo wa kinyweleo hugandana badala ya kupukutika, zikafanya kizibo. Nyuma ya kizibo hicho bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, mkazi wa kawaida wa ngozi ya kila mtu, huzaana. Mwili unapambana naye, na mapambano hayo ndiyo maumivu, uvimbe na usaha. Tangu kizibo kiwe kidogo kisichoonekana kwa macho mpaka kipele kijitokeze huweza kupita wiki nane.

Kwa hiyo anayepaka dawa juu ya kipele kimoja, akaacha ngozi iliyokizunguka, anashughulika na kilichokwisha kuiva huku vingine kumi viko njiani. Kama chunusi zako hutoka kila mwezi mahali palepale, kidevuni au kwenye paji la uso, paka eneo lote hilo, lenye kipele na lisilo nacho. Kupaka juu ya kipele peke yake kunamfaa mtu anayetokwa na kimoja baada ya miezi, basi.

Lengo lenyewe pia linahitaji kuwekwa sawa. Kwa mwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, awe ni Msomali, Mmalakote au Mpokomo wa kandokando ya Tana, chunusi yenyewe haidumu. Kinachodumu ni doa. Kipele hukaa wiki moja, doa lake likakaa miezi. Doa hilo huletwa na uvimbe, na uvimbe huletwa na chunusi, na kuminya, na pia dawa kali inayounguza. Ndiyo maana ngozi yetu haipati faida yoyote kwa dawa yenye nguvu kupita kiasi. Kwenye vitabu vya ng'ambo utasoma kwamba chunusi iliyovimba ni nyekundu. Kwetu huwa ya zambarau au kahawia iliyokoza, na wengi hudhani haina uvimbe tena, kumbe bado unaendelea chini kwa chini.

Dawa ninayopenda kuanza nayo ni benzoili peroksidi. Hutoa oksijeni ndani ya kinyweleo, na bakteria wa chunusi hawezi kuivumilia. Tena, tofauti na antibiotiki, hajapata njia ya kuizoea. Huuzwa kwa nguvu ya asilimia 2.5, 5 na 10. Mteja akiona 10 huona amepata thamani ya pesa zake. Lakini watafiti wa Marekani, Mills na Kligman wakiwa miongoni mwao, walilinganisha nguvu hizo tatu mwaka 1986 wakakuta kwamba 2.5 ilipunguza chunusi zilizovimba sawa na zile kali. Kilichoongezeka kwa 10 ni kuwasha na kubabuka. Basi chukua ya chini kabisa utakayoipata. Ukikuta 5 pekee, paka usiku mmoja, ruka mmoja.

Wakati wa kupaka ndio jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayakutufikiria. Mtu anayetawadha mara tano kwa siku hawezi kuweka dawa usoni mchana ikakaa. Wengine hupaka tena baada ya kila udhu, wakaishia na uso uliobabuka. Paka baada ya Isha, ukishamaliza kutawadha na kuswali, ngozi ikiwa imekauka kabisa. Dawa itafanya kazi usiku kucha, na udhu wa Alfajiri utaiondoa bila wewe kujisumbua. Kiasi cha punje moja ya choroko kinatosha paji lote la uso. Na kwa udhu wa mchana maji matupu yanatosha: sabuni mara tano kwa siku, hasa kwa maji ya chumvi kama ya visima vingi vya Wajir, hukausha ngozi mpaka ikapasuka, na hakuna dawa utakayoweza kuivumilia juu ya ngozi iliyopasuka.

Anayeona uso unawaka hata kwa kiasi hicho apake dawa, akae nayo dakika tano, aioshe. Hiyo pia ni tiba, na huwafaa zaidi wenye chunusi za kifuani na mgongoni.

Onyo la nguo. Benzoili peroksidi hufuta rangi. Buibui jeusi, ushungi, niqabu, foronya, vyote vitatoka madoa ya rangi ya machungwa ambayo hayafuliki. Vaa ushungi wa zamani wa kulalia, au mweupe, na unawe mikono kabla ya kugusa nguo ya Ijumaa. Nimewaona wanaoacha dawa nzuri kwa sababu hii tu, na siwalaumu. Afadhali wangeambiwa mapema.

Halafu joto. Mwaka 2024 maabara moja ya Marekani iitwayo Valisure ilitangaza kwamba benzoili peroksidi ikikaa kwenye joto kali huweza kuzalisha benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilipima bidhaa 95, na Machi 2025 ikasema zaidi ya asilimia 90 ya bidhaa hizo hazikuonekana na benzini au zilikuwa na chembe ndogo mno. Chache ziliondolewa madukani. Hakuna sababu ya kuikimbia dawa. Ila Garissa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 na ndani ya kibanda cha mabati huzidi, ipo sababu ya kutazama inakotunzwa. Usiinunue iliyoanikwa dirishani ikipigwa na jua, usiiache ndani ya gari, na nyumbani iweke kwenye friji au pahali pa baridi kuliko pote, hata kama ni sakafuni karibu na mtungi wa maji. Ikipitwa na tarehe, itupe.

Asidi ya salisiliki, ya asilimia nusu mpaka 2, ni ya chunusi zisizovimba: vinyweleo vilivyoziba vyenye ncha nyeusi au nyeupe. Huingia kwenye mafuta na kulegeza kizibo. Kwa chunusi kubwa yenye maumivu haifiki mbali. Adapaleni ya asilimia 0.1, ambayo Marekani iliruhusu iuzwe bila cheti cha daktari tangu 2016, huzuia vizibo visijifanye tangu mwanzo, kwa hiyo ndiyo dawa ya anayetaka kukata mzizi. Huchukua wiki 12 kuonyesha kazi, na wiki za mwanzo ngozi hukauka. Mjamzito asiitumie. Yeye namwelekeza kwenye asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20, ambayo ni salama kwake na ina faida ya ziada ya kufifisha madoa. Ingekuwa rahisi kupatikana, ningewapa wengi zaidi. Krimu ya antibiotiki kama klindamaisini isitumike peke yake, kwa sababu bakteria huizoea. Vile vibandiko vidogo vya chunusi vya uwazi hunyonya maji ya kipele kilichopasuka na kuzuia vidole, na hiyo ya pili ndiyo kazi yao kubwa, lakini kwa jasho letu hubanduka kabla ya adhuhuri.

Chagua moja. Anayepaka tatu kwa usiku mmoja atakuja na uso uliochubuka, halafu hatajua ipi imemchubua. Kabla ya kuipaka uso mzima, ijaribu chini ya taya kwa siku tatu. Halafu vumilia wiki nane, au 12 kama ni adapaleni, ndipo uihukumu.

Mama atauliza kuhusu qasil. Unga huo wa majani ya mkunazi umeosha nyuso za Wasomali tangu zamani, na sina ugomvi nao: una saponini, zinazotoa povu na kuondoa mafuta kama sabuni laini. Uuchunge kwa kitambaa ubaki unga mwororo, uukoroge na maji, upake, uoshe kabla haujakauka. Makosa ni kuuacha ukauke kama udongo kisha kuusugua. Chembechembe zake hukwaruza kipele, na mkwaruzo huacha doa. Uhesabu kuwa ni wa kuoshea, na dawa ije baadaye. Huruud, yaani manjano, hupendeza kwenye arusi, ila rangi yake itaficha hali ya ngozi usijue kama inapona. Ndimu hapana. Maji yake yakikaa usoni na jua la Garissa likayapiga, ngozi huungua na kubaki na michirizi myeusi kwa miezi. Dawa ya meno nayo iachiwe meno.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ni chunusi. Miezi ya joto watu wengi huja wakiwa na harara: vipele vidogo vinavyochoma, shingoni na chini ya ushungi, mahali jasho linapozibwa. Hivyo vinataka hewa, maji ya baridi na nguo ya pamba, na benzoili peroksidi itaviudhi tu. Kuna na fangasi wa vinyweleo: vipele vya ukubwa mmoja kwenye paji la uso, kifuani na mabegani, vinavyowasha. Chunusi huuma, ni nadra kuwasha. Fangasi huyo hutibiwa kwa dawa yake, kwa mfano shampuu ya ketokonazoli inayopakwa, ikaachwa dakika chache, ikaoshwa. Mwenye vipele kwenye mstari wa nywele pekee aangalie kwanza mafuta anayopaka kichwani.

Mabonge makubwa ya chini ya ngozi yanayoacha mashimo hayana dawa ya kaunta. Vivyo hivyo msichana ambaye pamoja na chunusi ana hedhi inayoruka miezi na ndevu zinazoota. Hao wasipoteze mwaka mzima wakibadilisha tyubu. Waende Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa au kituo kilicho karibu, waombe kuonwa na afisa wa kliniki au daktari. Wataalamu wa ngozi wengi wako Nairobi, lakini safari ya Nairobi huanza na barua ya hapa.

Na aliyekwisha kutumia krimu ya siku mbili kwa miezi asiiache ghafla akiwa peke yake, kwa maana uso utamgeuka na atairudia. Kuna namna ya kuipunguza chini ya uangalizi, pengine kwa dawa nyingine ya kusaidia. Abebe tyubu zote alizotumia, hata kikopo kisicho na lebo, na kama kwenye simu ipo picha ya uso wake kabla hajaanza kupaka, aende nayo.