Mama wa Arabika Yumo Misituni Mwetu

Kwa Baganda wa zamani, buni haikuwa kinywaji. Ilitafunwa, na tena ilifunga undugu: watu wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana punje mbili za tunda moja, zikapakwa damu yao, kila mmoja akatafuna ya mwenzake. Undugu huo ulihesabiwa kuwa sawa na wa kuzaliwa. Sasa imedhihirika kwamba mibuni yenyewe ina undugu wake, nao si wa kiapo.

Jenasi ya mibuni, iitwayo Coffea na wataalamu, ina spishi zaidi ya 120. Wafanyabiashara wa Kampala wanazijua hasa mbili. Ya kwanza ni robusta, mwenyeji wa nchi hii, ambayo hadi leo yaota yenyewe katika Msitu wa Kibale. Ya pili ni arabika, ilimwayo kwenye miteremko ya Mlima Elgon na Rwenzori. Robusta ina kromosomu 22, arabika ina 44. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya wataalamu washuku kwamba arabika ni chotara wa spishi mbili. Je, mama ni nani na baba ni nani?

Jawabu lilipatikana ndani ya jani. Humo mna vijumba vidogo sana vya kijani viitwavyo kloroplasti, vinavyotengeneza chakula cha mmea kwa nuru ya jua. Kila kimoja kina jenomu yake, mbali na ile iliyomo katika kiini cha seli. Jenomu ya kloroplasti ya arabika ilisomwa yote mwaka 2007, ikaonekana kuwa na jozi 155,189 za herufi za urithi. Hicho ni kijitabu tu, ukilinganisha na jenomu ya kiini cha robusta, yenye jozi zipatazo milioni 700. Lakini kijitabu hicho kina sifa moja kubwa: katika mibuni, mtoto hukirithi kwa mama peke yake. Chavua ya baba haikileti.

Msomaji wa Buganda hatashangaa. Kwa desturi, Muganda hufuata ukoo wa baba yake, ila wana wa ufalme ndio waliofuata ukoo wa mama. Kloroplasti nazo hufuata njia hiyo ya kifalme.

Basi zilipolinganishwa, kloroplasti za arabika zilikaa pamoja na zile za Coffea eugenioides, mbuni mwembamba wa mwituni, wenye punje ndogo na kafeini kidogo, uotao pia katika misitu ya magharibi mwa Uganda. Ukoo huo ndio wa mama. Jenomu ya kiini ikamtaja baba: robusta. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba ndoa hiyo ilifungwa kati ya miaka 610,000 na 350,000 iliyopita. Hapa pana tahadhari. Anayesoma kloroplasti peke yake atachora nasaba ambamo robusta haimo kabisa, kana kwamba arabika haikuwa na baba.

Mambo haya si ya maabara tu. Kwa kuwa arabika imetokana na wazazi wachache mno, mibuni yake inafanana kupita kiasi, nayo hushindwa upesi na kutu ya majani. Huko Timor robusta na arabika zilizaana tena zenyewe, na kizazi hicho kikawa miongoni mwa wazazi wa Ruiru 11, aina iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1985.

Robusta nayo ilipata msiba wake. Mnyauko ulionekana Bundibugyo mwaka 1993, na katika muda wa miaka kumi hivi ukaangamiza karibu nusu ya mibuni ya robusta ya Uganda. Wataalamu wa Kawanda, kaskazini ya Kampala, na wa Kituza wilayani Mukono, walilazimika kutafuta mibuni iliyosimama pale wenzake walipokauka, wakaizidisha kwa vipandikizi. Wengine waligeukia mibuni ya mwituni, wakaona kwamba robusta ya misitu ya Uganda ni kundi la peke yake, lisilofanana na lile la Kongo wala la Afrika ya Magharibi. Kibale ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka ule ule wa 1993.