Chai Katika Chumba cha Mikeka Miwili

Akina mama wengi tunalo kabati la vyombo vya wageni. Kikombe kilichomeguka ukingo hufichwa nyuma kabisa, na wapo wanaosita kumkaribisha mwenzao kwa kuwa seti haijatimia. Wajapani wana mtazamo mwingine, nao wanauita wabi-sabi: kuona uzuri katika kitu cha kawaida, kilichochakaa kwa kutumika, chenye kasoro yake.

Sen no Rikyū (1522–1591), mwalimu wa kuandaa chai, ndiye aliyeusimika. Wakubwa wa siku zake walijivunia vyombo vya thamani kutoka China, na mtawala Toyotomi Hideyoshi alikuwa na chumba cha chai cha dhahabu. Rikyū, ingawa alimtumikia Hideyoshi, alipenda kibanda cha kuta za udongo. Kimoja kinachohusishwa naye, Tai-an, kingalipo karibu na Kyoto. Mahali pa kukaa ni mikeka miwili tu. Mabakuli yake yalifinyangwa kwa mkono, hayakuwa duara kamili. Mlango ni mdogo mno, hata mkubwa huingia kwa kutambaa, upanga ameuacha nje.

Tusidhani huo ni uchafu au uvivu. Kibanda hufagiwa, mkaa hupangwa kwa uangalifu, na mgeni hupewa heshima yote.

Mwanafunzi mmoja wa Rikyū alikuwa Mkristo, Takayama Ukon, mtawala wa Akashi. Padre João Rodrigues, aliyeishi Japani wakati ule, aliandika kwamba Ukon alizoea kuingia katika kibanda cha chai ili asali. Mwaka 1587 Hideyoshi alimtaka aikane imani. Ukon alikataa, akapoteza nchi yake yote. Mwaka 1614 alifukuzwa Japani pamoja na jamaa yake, akafariki Manila mwaka 1615. Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 2017.

Wajapani pia huunga bakuli lililovunjika kwa utomvu wa mti, kisha huupaka ufa unga wa dhahabu ili uonekane. Utomvu huo ukiwa mbichi huwasha ngozi vibaya. Mti wenyewe ni wa jamii moja na mkorosho, na wabanguaji wa korosho wananielewa. Lakini bakuli uliloliunga kwa gundi ya dukani, mama, usilitilie uji wa mtoto. Nasema hivyo kama muuguzi. Litie maua, uliweke sebuleni wageni walione.