Taaluma ya Historia na Ajira Zake: Mfano wa Kitengela na Kajiado

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayechagua Historia kuwa somo lake la pili chuoni aghalabu huulizwa na jamaa zake: utakula nini? Swali hili lina haki yake. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kulipa karo hana budi kuuliza. Jibu ambalo wengi wetu hulitoa ni moja tu, yaani ualimu. Makala hii inanuia kubainisha kwamba jibu hilo ni la kweli lakini ni pungufu. Ili hoja zetu zipate mashiko, tutatumia mfano wa Kitengela na Kajiado kwa jumla, mahali ambapo maswali ya kihistoria huzuka kila ardhi inapouzwa.

Usuli wa eneo

Mwaka 1904, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitiliana mkataba na viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa miongoni mwao. Kwa mkataba huo, Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa wakagawanywa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba mpango huo ungedumu maadamu wao wapo. Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka kumi. Mkataba wa pili, wa mwaka 1911, uliwahamisha wa Laikipia kwenda kusini. Ole Njogo na wenzake walishtaki, lakini mwaka 1913 mahakama iliamua kuwa haikuwa na mamlaka ya kuamua juu ya mikataba ya aina hiyo. Kajiado ya leo ni sehemu ya hifadhi hiyo ya kusini.

Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ardhi kusajiliwa kwa jina la kundi la wafugaji, na ranchi za jamii zikaanzishwa. Ranchi ya Kitengela, yenye takriban hekta 18,000, iligawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988. Muda mfupi baadaye, eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje lilianzishwa Athi River, nao wafanyakazi wakahitaji makao. Malisho yaliuzwa ploti kwa ploti, nyua zikajengwa, na njia za nyumbu na pundamilia waliokuwa wakitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi zikazibwa. Asiyeujua mfuatano huu hawezi kueleza kwa nini kuna mgogoro baina ya mfugaji, mwenye ploti na mhifadhi wa wanyamapori.

Anachojifunza mwanahistoria

Mtu anaweza kudhani kwamba kusoma Historia ni kukariri tarehe. Chuoni, tarehe ni mwanzo tu. Mwanafunzi hufunzwa kuuliza ushahidi umetoka wapi, nani aliuandika, kwa manufaa ya nani, na ni nani aliyenyamazishwa. Tuchukue mfano wa mzee wa Kajiado asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtafiti humuuliza rika lake, nani walikuwa morani alipotahiriwa, na alikuwa na umri gani wakati wa ukame wa mwaka 1961 au ule wa mwaka 1984. Majibu hayo hulinganishwa na ya wazee wengine, kisha na nyaraka za serikali. Simulizi na nyaraka hukosoana, na kutokana na ukosoano huo ukweli hukaribiwa. Wanahistoria wetu, kama vile Bethwell Ogot, Gideon Were na Godfrey Muriuki, waliziandika historia za jamii zao kwa kutegemea mapokeo simulizi wakati ambapo wasomi wengi wa nje waliamini kwamba pasipo maandishi hapana historia.

Ajira zinazotokana na taaluma hii

Kwanza ni ualimu. Ili kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, mhitimu sharti awe na shahada ya ualimu, au stashahada ya uzamili ya ualimu juu ya shahada yake ya kwanza. Uoanishaji wa Kiswahili na Historia unafahamika katika vyuo vyetu vingi. Hata hivyo, wahitimu ni wengi kuliko nafasi, na ni vyema kulijua hilo mapema.

Pili ni kazi ya makumbusho na nyaraka. Olorgesailie, kwenye barabara ya kwenda Magadi, ni eneo la kale lililochimbuliwa na Louis na Mary Leakey katika miaka ya 1940, na ambalo lina mashoka ya mawe ya umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Mahali kama hapo huhitaji watunzaji, watafiti na waelekezi wa wageni. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi nayo huhitaji watu wanaojua kupanga na kufasiri majalada.

Tatu ni masuala ya ardhi. Katiba ya mwaka 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikachukua nafasi ya ile ya 1968. Mawakili na mashirika ya kijamii huhitaji watu wa kufuatilia daftari za wanachama, ramani za zamani na ushahidi wa wazee. Tahadhari: shahada ya Historia pekee haimfanyi mtu wakili. Humpa stadi ya kutafuta ushahidi.

Nne ni uanahabari, utalii, utumishi wa kaunti na uhifadhi wa utamaduni. Mwaka 2018, UNESCO iliziorodhesha sherehe tatu za rika za Wamaasai, yaani Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Mkataba wa 1904 ulihitaji wakalimani. Walichoelewa Wamaasai kilitegemea walichoelezwa, na hilo ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la sheria. Hali kadhalika, mtafiti wa leo akitoka Kitengela mjini, penye watu wa makabila mengi, hadi maboma ya ndani, atahitaji Kiswahili kwa wengi na Kimaa kwa wazee. Anayejua kusikiliza, kunukuu na kutafsiri kwa uaminifu ana mtaji ambao wengine hawana.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Historia hufunza stadi, na kwamba stadi hizo zina soko japo si soko la moja kwa moja. Tunapendekeza kwamba mwanafunzi aongeze ujuzi mmoja, iwe kuhifadhi nyaraka, kuchora ramani au kurekodi sauti, na aanze kazi kijijini kwao wakati wa likizo. Wazee walioshuhudia kugawanywa kwa ranchi wanazidi kupungua. Mzee anayefariki kabla ya kuhojiwa huondoka na ushahidi ambao pengine wajukuu wake watauhitaji mahakamani.