Bunduki Ikilala Nyumbani, Ikitembea Njiani



Mwezi uliopita, katika darasa la tatu, tulimkuta mtoto anaonyesha wenzake risasi nzima, ameifunga ndani ya karatasi ya daftari. Hatukupiga kelele. Tulimwambia aiweke chini polepole, tukatoa watoto wote nje, tukaita mkurugenzi. Hakuiokota njiani. Aliitoa chini ya godoro la wazazi wake. Baba yake ni polisi.

Mama yake alikuja akilia. “Mwalimu, mimi najua iko pale. Lakini nitamwambia nini mume wangu? Anasema depo ya silaha iko mbali, na wezi wanajua nyumba yetu.”

Tulipokaa na wamama wa chama, tuliona jambo hili si la nyumba moja. Hapa kwetu polisi na wanajeshi wanapanga nyumba katikati yetu, ukuta wa mbao na ukuta wa mbao. Silaha yao ni ya halali. Lakini uhalali hauzuii risasi kutoka. Ndiyo maana tunaandika.

Silaha ina mwenyewe. Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi inadai ruhusa ya serikali. Bunduki ya kazi ni mali ya serikali. Amepewa askari, hakupewa bibi yake, wala kijana wake, wala shemeji. Mama, mtu akikuomba uifunge ndani ya kitenge “uifikishe tu”, kataa. Raia akikutwa na silaha ya vita, kesi yake inakwenda mbele ya mahakama ya kijeshi, na kusema “ni ya mume wangu” hakutoshi kukuokoa.

Nyumbani. Mahali pake ni depo, kazi ikiisha. Ikibidi ilale nyumbani, mwenyewe aondoe risasi, azihesabu, aweke bunduki ndani ya sanduku la kufuli, risasi mahali pengine, na ufunguo abaki nao yeye. Si chini ya godoro, si ndani ya gunia la unga. Watoto tuwafundishe maneno matatu: usiguse, toka, mwambie mkubwa.

Njiani. Wengine wanavaa kiraia na bastola chini ya koti. Usiku, mbele ya patruyi, huyo si papa wa watoto. Ni mwanaume asiyejulikana mwenye silaha iliyofichwa, na vijana wanaomsimamisha nao wana hofu. Asimame, asikimbie. Mikono ionekane, mitupu. Aseme mbele hawajamgusa: “Mimi ni polisi. Nina silaha kiunoni, upande wa kuume. Kadi ya kazi iko mfukoni mwa shati. Nifanye nini?” Kisha angoje amri. Asiitoe silaha ili kuionyesha, na asipeleke mkono mfukoni bila kuambiwa. Wewe mama uliye naye, usimvute mkono, usipige kelele, usiingie katikati. Shika watoto, simameni pembeni mahali mnapoonekana. Mkiwa kwenye moto, dereva azime kwanza. Kama kuna kosa, malalamiko yatapelekwa kesho kwa mkubwa wao. Barabarani usiku si mahali pa kushindana.

Wakija kupekua. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 29, inasema nyumba ya mtu haivunjwi heshima. Upekuzi unafuata sheria. Uliza kwa upole wametumwa na nani, na umwite chefu wa nyumba kumi awe shahidi. Kama silaha ya kazi iko ndani, sema kabla hawajaikuta, onyesha iko wapi kwa mdomo, usiende kuileta. Wakimchukua mtu, kifungu cha 18 kinataka aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwajulisha jamaa zake mara moja, na asishikwe na polisi zaidi ya saa 48. Andika saa waliyomchukua.

Yule mama alingoja jioni, watoto wamelala, mume ameshiba. Hakuanza na bunduki. Alimwekea ile karatasi ya daftari mezani, akamweleza ilikuwa imefunga nini. Mume alikasirika kwanza, akauliza nani amemtuma. Kisha akanyamaza muda mrefu. Sasa siku za mapumziko anaiacha depo. Siku nyingine inalala ndani ya sanduku alilochongewa na fundi, na ufunguo anauvaa shingoni.

Sisi bado tunaona sanduku si depo. Lakini mtoto wake amerudi darasani, na kila asubuhi mama anapekua mfuko wake wa shule kabla ya kumwachia aende.

Juma hili, mama mwenye bunduki nyumbani amuulize mwenyewe swali moja tu: risasi ni ngapi, na zote zipo?