Ufa kwenye kioo cha gari: Usisubiri ukue, watoto wako nyuma yake

Jiwe lenyewe halikuzidi punje ya mahindi. Lilirushwa na tairi la lori la kokoto lililokuwa mbele yetu katika Barabara ya Morogoro, likagonga kioo cha mbele cha gari la dada yangu. Tukashtuka, tukatazamana, safari ikaendelea.

Tulipofika, dada aliona alama ndogo kama jicho la kuku. "Hiyo si kitu, mdogo wangu," aliniambia. "Ada ya shule kwanza. Kioo kitasubiri."

Hakikusubiri. Wiki ya tatu, Jumamosi mchana, aliosha gari lililokuwa limeshinda juani. Maji ya baridi yalipogusa kioo, ufa ulikimbia kutoka upande wa abiria hadi mbele ya usukani.

Siku chache baadaye alikuwa akirudi nyumbani jioni, jua likimpiga usoni. Ufa uling'aa, hakuona vizuri mbele. Mwanawe wa miaka tisa, aliyekuwa kiti cha nyuma, ndiye aliyepiga kelele: "Mama, mtu!"

Mwanafunzi alikuwa katikati ya kivuko. Breki zilishika, mtoto wa watu akavuka salama. Dada alipaki pembeni na kunipigia simu huku sauti ikitetemeka.

Katika kuandika habari za afya nimezoea kusikia ushauri mmoja: kidonda kitibiwe kikiwa kidogo. Ushauri huo unakifaa kioo pia.

Kwa nini ufa hukua

Kioo cha mbele si kipande kimoja. Ni tabaka mbili za kioo zenye utando wa plastiki katikati. Ndiyo maana kikipigwa hupasuka lakini vipande hubaki vimeshikana, tofauti na vioo vya milango ambavyo kwenye magari mengi humwagika kama chumvi ya mawe.

Jua hukitanua, kiyoyozi hukipoza, mashimo ya barabarani hukitikisa. Hata mlango ukifungwa kwa kishindo, kioo hupata msukumo. Nguvu zote hizo huishia kwenye ncha ya ufa, nao husogea.

Kioo ni kinga ya abiria

Wengi tunadhani kazi ya kioo ni kuzuia upepo na vumbi. Kwenye magari mengi, mfuko wa hewa wa abiria ukifumka huegemea kioo hicho ndipo umpokee aliyekaa mbele. Gari likipinduka, kioo kilichobandikwa vizuri husaidia paa lisibonyee.

Kwa hiyo kioo chenye ufa mrefu ni kinga iliyopungua nguvu. Hata kikiwa kizima, mahali salama pa mtoto ni kiti cha nyuma, akiwa amefungwa mkanda au yumo kwenye kiti maalumu cha umri wake.

Ufanye nini jiwe likigonga

Siku hiyohiyo, futa alama kwa kitambaa kikavu na uibandike selotepu kwa nje, ili vumbi na maji visiingie. Selotepu isizuie macho ya dereva. Usijaribu kuziba kwa supagluu, kwani utamharibia fundi kazi.

Usimwagie maji baridi kioo chenye joto. Gari likiwa limeshinda juani, fungua madirisha kwanza, kisha washa kiyoyozi taratibu.

Nenda kwa fundi wa vioo mapema. Alama isiyozidi ukubwa wa sarafu, ambayo haiko mbele ya macho ya dereva wala ukingoni mwa kioo, mara nyingi huzibika. Fundi hutoa hewa iliyomo, huingiza gundi maalumu, kisha huikausha kwa taa. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kioo kipya.

Ufa ukiwa mrefu, umefika ukingoni au uko mbele ya dereva, badilisha kioo. Muulize fundi anatumia gundi gani na gari likae muda gani kabla ya kuendeshwa. Gundi nyingine hutaka saa chache, nyingine siku nzima. Kama gari lina kamera nyuma ya kioo, uliza ni nani atakayeipanga upya.

Mwenye bima kubwa asome mkataba wake, hasa sehemu ya vioo na kiwango kinacholipwa. Bima ndogo hailipii uharibifu wa gari lako mwenyewe.

Vipande vikimpata mtoto

Tabaka la ndani likipasuka, chembe huweza kudondoka kwenye dashibodi na viti. Mkataze mtoto kupitisha kidole kwenye ufa. Safisha ukiwa umevaa glavu, kwa kitambaa kibichi utakachokitupa.

Chembe ikiingia jichoni, mtoto asifikiche. Mmwagie maji safi taratibu. Kama kipande kimechoma jicho, usikitoe wala usimwagie maji. Likinge jicho bila kuligandamiza, mpeleke hospitali haraka. Vivyo hivyo kwa kipande kilichozama mwilini: usikichomoe, zuia damu kwa kubana pembeni yake.

Dada alibadilisha kioo wiki ileile. Alilipa mara kadhaa ya kiasi ambacho angelipa kuziba ile alama ya kwanza, na ada ikabidi aiombee kulipa kwa awamu. Anasema hilo halimuumi. Kinachomnyima usingizi ni yule mwanafunzi wa kivukoni.

Siku gari lilipotoka kwa fundi, mwanawe alikaa nyuma kama kawaida, akafunga mkanda, akatazama mbele. "Mama mdogo," aliniambia, "sasa hata mama anaona."